Dhahabu ya Kupitishia Mwanga

Wanjugu aliambiwa angoje ndani ya gari, akakataa. Kutoka Woodley mpaka mjini mwanawe Norman alikuwa amemsimulia habari za hom thieta yake mpya, mitambo ya spika za kuipa TV sauti ya sinema, hadi masikio yakachoka, na sasa alitaka kuona kwa macho yake hicho kitu kilichomfanya mtu mzima asahau kumuuliza mamake kama amekula. Akashuka pale barabara ya Luthuli, akakumbatia mkoba wake wenye uzi na sindano ya kroshia, akamfuata dukani akiwapisha watu waliobeba televisheni mabegani kama wanahamisha magodoro.

Hom thieta yenyewe ilikuwa imeshalipiwa, iko ndani ya boksi. Kilichobaki ni waya wa kuiunganisha na TV. Wanjugu alidhani waya ni waya.

"Hapana, Mum," Norman alimwambia. "Waya ndio kila kitu."

Muuzaji, bwana mnene aitwaye Muindi, alikuwa na tai fupi na sauti ya mhubiri wa krusedi. Alizipanga nyaya tatu juu ya kaunta polepole, kama mtu anayetoa nyama kwenye sufuria mbele ya wageni.

"Hii ya ncha nyekundu, nyeupe na njano ni ya watu wa zamani," alisema. "Hii hapa ni HDMI. Inabeba picha na sauti zikiwa zimeshikana mikono. Iko sawa kabisa. Watu wengi wanachukua hii."

Aliposema "watu wengi" Norman akakunja uso kidogo. Muindi hakukosa kuona. Akaisukuma HDMI kando kama ugali wa jana.

"Lakini wewe, bosi, naona si mtu wa watu wengi. Angalia hii. Kebo ya mwanga. Sauti haipiti kama stima, inapita kama mwanga mwekundu ndani ya uzi. Haishiki mkwaruzo hata mmoja. Na ncha zake," akainama, akashusha sauti, "zimepakwa dhahabu."

"Mwanga na dhahabu vinajuana wapi?" Wanjugu akauliza. "Kwangu mwanga unaingia kwa dirisha kila asubuhi, na dirisha halijawahi kuvaa hata pete."

Muindi akacheka kwa heshima. "Shosho, dhahabu inafanya mwanga uteleze."

"Uteleze uende wapi?"

"Mum, tafadhali," Norman akasema, na simu ya kulipia ilikuwa tayari mkononi.

Haraka yote ilikuwa ya harusi. Kesho yake, Jumamosi, binti wa Norman angeolewa na Lenox huko Perth, Australia, na nyumbani ingekuwa saa nne asubuhi. Wazazi wa bibi harusi waliomba visa wakanyimwa. Wazazi wa bwana harusi waliomba, wakanyimwa vilevile. Lilikuwa jambo la kwanza familia hizo mbili kupata sawa kwa sawa. Basi wakakubaliana kutazama harusi pamoja, sebuleni kwa Norman, Mountain View.

Msichana aliitwa Wanjugu pia, jina la nyanyake, kama desturi inavyotaka kwa binti wa kwanza. Wenyewe waliitana Wajina. Likizo zote za shule msichana alizimalizia Woodley, katika ile nyumba ya zamani ya kanjo, ya baraza la jiji, yenye bafu baridi, na kila jioni walitegana vitendawili. Aliyeshindwa alitoa mji. Kwa miaka hiyo yote Wanjugu alikuwa ametoa Nakuru mara moja, na Thika kwa kuonewa. Msichana alikuwa ametoa karibu Kenya nzima.

Mwezi uliopita Wajina alipiga simu. "Shosho, nikisimama kuongea siku ya harusi, nitakutegea kimoja mbele ya watu wote. Nimekitunga mwenyewe. Halafu nitakupigia hapo hapo unipe jibu. Ukishindwa, wakwe wakisikia, utatoa mji."

"Sitatoa hata steji ya basi," Wanjugu alimjibu.

Tangu hapo hakuwa na haja ya kuona gauni wala keki. Mtoto aliyemlea kwa vitendawili alikuwa ametunga cha kwake, na angekisema mbele ya umati, nchi za watu. Wanjugu alitaka kukisikia kikitoka kinywani mwake. Hilo tu.

Nyumba ya Norman ilikuwa kama zawadi iliyofungwa na mwenyewe akaogopa kuifungua. Sofa zilinunuliwa Wajina akiwa Form Two na bado zilikuwa ndani ya nailoni ya dukani. Rimoti ilikuwa ndani ya nailoni, imekazwa kwa mpira. Friji ilikuwa na stika mlangoni inayoitangaza kwa wateja, ingawa mteja mwenyewe alikuwa ameshailalamikia barafu kwa miaka. Norman alikuwa na imani moja aliyoishika kuliko zote za kanisani: kitu kikivuliwa kinaanza kuzeeka.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo jioni alipofunga mitambo, aliziacha spika ndani ya mifuko yake.

"Norman, hata spika?" mkewe Cate akauliza.

"Vumbi, Cate. Magari ya Waiyaki Way yako hapo tu."

Kebo ya mwanga nayo ilikuja na vikofia viwili vya plastiki, kimoja kila ncha, vidogo kama vifuniko vya kalamu vilivyokatwa. Norman akaviona, akavisifu, akaviacha. Ncha ilipokataa kuingia kwenye tundu la TV, akaisukuma kwa dole gumba. Ilipotoka, akairudisha na kuishika kwa selotepu.

"Original lazima iwe ngumu kidogo," alisema.

Upande wa thieta nao akautia selotepu. Kisha akaingia ndani ya TV kwa rimoti, akazizima spika za TV zenyewe, zisije zikaongea mbele ya wakubwa. Kujaribu hakujaribu. Kujaribu, alisema, ni kwa watu wa HDMI.

Asubuhi wakwe wakafika. Babake Lenox, Mzee Ogutu, alikuwa mtu wa kifua kipana na kofia ya soksi, mstaafu wa reli, na alikuwa akiishi Karen, mtaa wa wenye pesa. Yaani alisema anaishi Karen. Aliyewahi kutembelea nyumba hiyo alijua kwamba Karen unaipita, unaendelea, na ukishachoka ndipo unafika. Mkewe Philister hakuwa na maneno hayo. Alimkumbatia Wanjugu, akaketi kando yake, na sofa ikatoa mlio chini yao.

"Mama, kiti kinalalamika," Philister akanong'ona.

"Zoea," Wanjugu akamwambia. "Ukitaka kuinuka, anza mapema."

Norman alikusanya simu zote ndani ya kikapu cha matunda ili zisigombanie intaneti na TV. Simu ya Cate peke yake ilibaki nje, kwa ajili ya kupigiwa kutoka Perth. Akasali, akasali tena kwa urefu, kisha akainua rimoti yake iliyovaa nailoni na kuwasha.

Picha ikaja, safi kama maji ya mtungi. Kanisa, maua, Lenox amevaa suti ya kijani akijifuta jasho. Sauti, hapana.

"Labda bado wamenyamaza," Norman akasema.

Kwenye skrini kwaya nzima ilikuwa imefungua vinywa hadi magego.

"Hao wanaimba, mkwe," Ogutu akasema. "Au wamepiga miayo pamoja."

Norman akabonyeza. Mistari ya sauti ikapanda kwenye skrini, ikafika mwisho, ikakaa hapo. Kimya.

"Washa spika za TV," Cate akasema.

"Nimezizima."

"Si uziwashe?"

"Cate, mtu hanunui thieta halafu anasikiza TV!"

"Basi nifungue linki ya harusi kwa simu yangu, niiweke hapa mezani."

"Ukiingia, picha itakwama. Halafu mseme ni thieta yangu."

Ogutu akainuka. Sofa ilitaka kwenda naye, akaipiga teke ikamwachilia. Akazunguka nyuma ya TV akiwa ameweka mikono kiunoni. "Sasa naona ugonjwa. Ni hii waya yako ya mwanga. Kwangu Karen ni HDMI."

"HDMI ni ya watu wengi, mkwe."

"Watu wengi wanasikia!"

Wazee wawili wakapiga magoti nyuma ya TV kama wanaomtafuta kuku aliyetaga. Mmoja alichomeka, mwingine akachomoa. Ogutu alitaka kwenda kuleta kebo yake. Norman akamwambia Karen yake ni mbali, harusi itakuwa imefika kwa wajukuu kabla arudi. Ogutu akasema afadhali umbali wa Karen kuliko ukaribu wa mtu asiyeambilika. Huko Perth Lenox alikuwa amemshika Wajina mkono, na midomo yao ilikuwa ikitembea.

"Wanasema viapo," Cate akasema, na machozi yakamlenga.

Philister akamwegemea Wanjugu, akaifanya sauti yake nzito kama ya mwanawe. "Mimi Lenox, naahidi kuosha vyombo, hata sufuria."

Wanjugu alikuwa na hasira lakini alishindwa kujizuia. "Mimi Wanjugu," akajibu kwa sauti nyembamba, "naahidi kuketi kwenye kiti kilicho uchi."

Wakacheka hadi nailoni ikalia tena. Cate naye akacheka, huku anajifuta. Lakini kicheko kilipoisha, kimya kilirudi palepale. Viapo vilikuwa vimepita. Mtoto wa jina lake alikuwa ameolewa kama samaki anayeolewa ndani ya chupa.

"Norman," alisema. "Rudisha sauti ya TV."

"Dakika moja, Mum."

"Hiyo dakika yako imeoa na imezaa. Rudisha."

"Mum, nimelipia hii kitu!"

"Hata mimi nilikulipia karo, na sisikizwi."

Ogutu akacheka, na kicheko chake kikamkaza Norman zaidi. Sasa hangeweza kurudi kwenye spika za TV hata kama mbingu ingefunguka. Angemwambia nini mtu wa HDMI?

Wakahamia ukumbini, huko Perth. Watu wakala, kimya. Wakapiga makofi, kimya. Kisha Wajina akainuka na maikrofoni, akaitafuta kamera, akaitazama moja kwa moja. Msichana akaupunga mkono, na midomo yake ikafanya kitu ambacho Wanjugu angekijua hata gizani.

Kitendawili!

"Tega!" Wanjugu akajibu kwa nguvu, na sebule nzima ikageuka.

Msichana akatega. Akainua kidole kimoja. Akagusa jino lake. Kisha akafungua mikono yote miwili, pana, kama anayekumbatia ukumbi. Akatabasamu, akashika kiuno, akangoja.

"Kimoja," Wanjugu akasema. "Jino. Jino moja. Halafu kikubwa... Jino moja kubwa?"

"Mtoto mchanga," Philister akasema.

"Ndovu aliyevunjika pembe," Cate akasema.

"HDMI," Ogutu akasema kutoka sakafuni, na kwa kusema hivyo akaing'oa kebo ya mwanga pande zote mbili, selotepu na kila kitu, akaitupa kwenye zulia. "Ndiyo hiyo dhahabu yako. Hata bure siichukui."

Wanjugu alikuwa na sindano yake ya kroshia mkononi. Alikuwa ameitoa kwenye mkoba zamani, kwa sababu vidole vyake havikuweza kukasirika bila kazi. Akajaribu kuinuka. Nailoni ikamshika miguu. Akaivuta, ikamvuta. Na hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Akaidunga nailoni kwa sindano, akaichana kutoka mkononi mwa kiti hadi mwisho, rrrraaa, na sofa ikatokea, rangi ya samawati ambayo hakuna aliyeikumbuka.

"Mum!" Norman akapiga kelele.

Wanjugu akaenda kwa spika ya kwanza, akaivua mfuko. Akaivua ya pili. Akaivua ile kubwa iliyokaa kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Alikuwa akivua kama mtu anayenyonyoa kuku wa Krismasi. Pale kwenye zulia akaiona kebo, na kwenye ncha yake plastiki nyingine, ndogo, imebaki kumdhihaki. Akaidunga kwa kijino cha sindano. Tap, ikatoka. Akageuza ncha ya pili. Tap.

"Umeharibu! Umeivua original!" Norman akamnyang'anya kebo, akaitazama kama mtoto aliyeanguka kitandani, akakimbia nayo nyuma ya TV kuona kama ingali hai. Akaichomeka. Haikusukumwa, haikubembelezwa. Tik. Akaichomeka kwenye thieta. Tik.

Na sebule ikajaa Perth.

"...mnaona? Amenyamaza!" Sauti ya Wajina ilitoka kila upande, kubwa, karibu, vikombe vikatetemeka mezani. "Shosho yangu ameshindwa!" Ukumbi ukacheka, na kicheko kikapita kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia kama watu wanaopita sebuleni na viatu.

Norman alisimama, mikono juu. "Mmesikia? Mmesikia dhahabu?"

"Dhahabu gani?" Ogutu akasema. "Ni mimi nimeichomoa ikapumua!"

"Imepumua kwa sababu ni dhahabu!"

Wakashikana mikono, wakatikisana, kila mmoja akimpongeza mwenzake kwa kazi aliyoifanya yeye mwenyewe.

Wanjugu akafungua kiganja. Vile vikofia viwili vilikuwa vimelala pale, kama meno ya maziwa. Akavitazama, akamtazama mwanawe. Kumbe mwanga wenyewe ulikuwa umevalishwa kofia machoni na kuambiwa utembee. Alikuwa bado anafikiria aanzie wapi, simu ya Cate ikalia.

"Shosho!" Sauti ilikuja mara mbili, sikioni na kwenye spika. "Watu wanangoja. Jibu?"

Angeweza kusema. Angeweza kuwaambia watu wote wa Perth kwamba hakusikia, kwamba babake bibi harusi alinunua dhahabu akaifunika. Norman alikuwa mbele yake, kidole kimeziba midomo, macho yanamsihi kama zamani alipovunja dirisha la jirani.

"Kirudie basi," akasema.

"Ah-ah, Shosho! Sheria ni yako. Hakirudiwi."

Kweli, ilikuwa yake. Aliitunga siku ile ya Thika.

"Basi nimeshindwa," akasema.

Ukumbi ukalipuka. "Nipe mji!"

"Mpe Karen," Norman akanong'ona.

"Mpe yako!" Ogutu akanong'ona zaidi.

Wanjugu akamtazama mwanawe, yeye na selotepu iliyomganda kwenye kiwiko. "Nakupa Mountain View," alisema. "Yote. Na nyumba ya babako ikiwa ndani."

"Nimepokea!" Wajina akashika maikrofoni vizuri, kama alivyofunzwa: aliyepewa mji lazima autembelee kabla ya kusema jibu. "Nimefika Mountain View. Nimebisha kwa baba, nimekaribishwa. Nimeketi kwenye kiti cha nailoni kilichonunuliwa nikiwa Form Two, na nilipoinuka, tumeinuka wote wawili. Nimeomba rimoti, nikaletewa imevaa koti la mvua. Nimepewa chai, kikombe kina stika ya bei, nikanywa kwa upande wa bei. Na baba mwenyewe nimemkuta mlangoni, jamani, anapendeza, lebo ya shati bado inaning'inia. Watu wa Mountain View wanawasalimu. Wamesema msiwaguse."

Perth ilicheka. Ilicheka wazi, kila kicheko peke yake, cha wanawake, cha wanaume, cha mtu mmoja aliyekuwa akipiga meza, na hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja, kama Muindi alivyoahidi. Norman alitafuta rimoti apunguze. Ilikuwa mkononi mwa Ogutu.

"Acha, mkwe," Ogutu akasema, akiikalia. "Sauti iko sawa."

"Na sasa kitendawili chenyewe," Wajina akaendelea, na sauti yake ikalainika. "Nilisema: nina jino moja tu, lakini nimevalisha nyumba nzima. Shosho, ni sindano yako ya kroshia. Vitambaa vyote vya Woodley. Juu ya viti, juu ya redio, hata kile cha juu ya debe la maji. Nilidhani utakijua kabla sijamaliza."

Wanjugu akaitazama mkononi mwake. Ilikuwa pale, jino lake moja, na kipande cha selotepu kimeing'ang'ania. Alikuwa ameishika muda wote.

"Kitendawili chako ni kizuri, Wajina," akasema kwenye simu. "Ni kizuri kuliko vyangu. Kaa na huo mji."

Walipokwisha kukata keki kule, na Philister alipokuwa akipapasa sofa ya samawati kama mtu aliyekutana na jamaa aliyepotea, Norman alimjia mamake polepole. Alikuwa amebeba mifuko ya spika, ameikunja vizuri.

"Mum, zile plastiki ndogo za kebo umeweka wapi? Nizirudishe. Hiyo dhahabu itashika vumbi."

Wanjugu aliufunga mkoba wake. "Kitendawili."

"Tega," Norman akasema kwa uchovu.

"Nimenunuliwa ghali nikavalishwa kofia. Nilipovuliwa ndipo nikasema."

Norman akafikiri. Aliitazama TV, akaitazama dari, akajikuna pale selotepu ilipokuwa.

"HDMI," Ogutu akajibu.